Kata ya Mbege Kwenye Meza ya Kuzunguka

Nikubali mwenyewe kabla hamjaanza kunicheka: yule baba mliyesikia kwamba alipiga magoti mlangoni kwa Wachina pale Moshi mjini, mchana kweupe, watu wanakula, yeye ameshika jani mkononi na mchuzi umemganda kwenye mkono wa shati, ni mimi. Sikatai. Nimesikia inavyosimuliwa, huko Sanya Juu wanasema nilikuwa nimelewa, kule Mkuu wanasema nilipigwa, na wote ni waongo, kwa sababu sikulewa (nilionja tu, tena kwa ajili ya mila) na wa kunipiga mimi hajazaliwa. Basi naandika mwenyewe ili angalau mcheke kitu cha kweli.

Asiyenijua nimwambie. Mimi ni Baba Joni, mtu wa Kibosho, wengi wananiita Mangi, yaani chifu, na jina hilo sikuokota. Shule niliishia darasa la tano, nikashuka mjini kusukuma toroli soko la Kiboriloni, nikabeba marobota ya mitumba mpaka shingo ikapotea, nikajinyima, nikapanda, na leo nina maduka ya vigae na masinki Moshi, Sanya Juu na Mkuu, na ukiingia choo chochote cha maana kuanzia Himo mpaka Boma Ng'ombe ukakuta sakafu inang'aa, ujue Mangi amepita hapo. Hakuna aliyenishika mkono. Ndiyo maana nikishaamua jambo sirudi nyuma, na hiyo ndiyo sifa yangu kubwa, na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Sasa, kijana wangu Joni alimpenda binti wa Kilema, Anjela, mwalimu wa chekechea, msichana ana adabu mpaka unajiuliza kampendea nini mwanangu. Baba yake ni Mzee Ladislausi, mkulima wa kahawa wa siku nyingi, mtu wa kanisani, mpole wa sauti lakini akishasema hapana huwezi kuipindua hata kwa jeki ya lori. Tulishapanda kwake na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tukapokelewa, tukala, tukanywa, na mwisho wake mzee akasema tu, "Nimewasikia, nitafikiri." Akafikiri mvua zikaanza zikaisha. Tukapeleka mtu kuuliza. Akajibiwa kwamba kijana hana neno, ila baba mtu anaongea kama redio, na yeye Ladislausi anaogopa kumpeleka binti yake kwenye nyumba ambayo hapati nafasi ya kusema hata "chumvi haijakolea."

Mimi! Redio!

Nikasema sawa, nitamwonyesha mimi ni mtu wa namna gani. Nikamtumia ujumbe kwamba namwalika mjini, yeye na dada yake Veneranda (shangazi wa binti, na kwetu shangazi asipokubali hakuna ndoa), tule pamoja, atazame familia yangu ilivyo, na siku hiyo atoe neno lake la mwisho. Akakubali. Joni alipopata habari hakulala, alikonda wiki ile ile, akawa ananiandama kila ninapokwenda, "Baba, tafadhali, akisema hapana safari hii basi tena. Anjela hawezi kumpinga baba yake." Nikamwambia, "Kijana, uko mikononi mwa Mangi."

Mke wangu akasema, "Nipike machalari hapa nyumbani, mzee ale ndizi zake na nyama, yaishe." Maneno ya akili kabisa, sasa hivi nayaona. Lakini mimi nikasema machalari kwao Kilema hawana? Ndizi atoke nazo kwake azikute kwangu? Nikasema tutakwenda kwa Mama Lin.

Mama Lin ni Mchina, ana hoteli ndogo ya familia mtaa wa nyuma, nyumba ya kawaida yenye kibaraza na taa nyekundu za karatasi, mumewe ndiye anapika, yeye anasimamia kila kitu kwa macho, na binti yao Lili anahudumia, Lili huyu amekulia Moshi, Kiswahili chake ukimsikia umempa mgongo utasema ni mtoto wa Majengo. Msidhani ni hoteli ya watalii wale wa kupanda mlima. Hapana. Pale wanakula manesi, walimu, mafundi, watu na watoto wao baada ya misa, kwa sababu chakula ni kingi na bei ni ya binadamu, sahani moja ya tambi inashibisha watu watatu na bado mmoja anafungiwa inayobaki aile jioni. Nilipelekwa mara ya kwanza na watu wanaoniuzia vigae, nikapapenda, na tangu hapo nikawa nawaambia watu kwamba pale mimi ni mwenyeji, na Kichina nakaribia kukishika (nilijua neno moja la asante, na Lili alishaniambia nalitamka vibaya).

Nikampitia Mama Lin mapema nikamwomba kitu kimoja: wageni wangu ni wa mila, nitakuja na mbege yangu kwenye ndoo, na kata ya kunywea. Akaniuliza, "Inanuka?" Nikamwambia inanuka vizuri. Akasema, "Leta, lakini ukimwaga unadeki mwenyewe."

Siku ikafika, Jumapili. Mzee Ladislausi akashuka na koti lake jeusi la kanisani, dada yake na kitenge kipya, sisi tukawapokea, shikamoo mzee, marahaba, habari za huko juu, nzuri, na Joni akamsalimia kwa kuinama mpaka nikaogopa ataanguka. Tukaingia. Sasa sikilizeni vizuri, maana mkasa wote ulizaliwa hapa. Lili akatufuata mlangoni na tabasamu lake akaniuliza, "Mangi, mtakaa meza ya kawaida hapa dirishani, au ile ya kuzunguka?"

Meza ya kawaida ilikuwa pale, ya mbao, ya pembe nne, imetulia kwenye upepo. Mtu mwenye akili angekaa.

"Ya kuzunguka!" nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Wageni wangu leo wakae ya kuzunguka."

Kama hamjaiona niwaeleze. Ni meza ya duara, na katikati yake kuna kioo kikubwa cha duara kilicholala juu ya gurudumu, vyakula vyote vinawekwa juu ya kioo, na wewe unayetaka kuku unasukuma kioo kidogo, kuku anakufuata mpaka ulipo. Hamna kunyanyuka, hamna "nisogezee." Tukakaa hivi: mimi, mkono wangu wa kulia mke wangu, halafu Shangazi Veneranda, halafu Mzee Ladislausi ambaye alikuwa amenielekea kabisa, halafu Joni, halafu tena mimi. Nimewapa mpangilio makusudi, mtauhitaji.

Nikaagiza bila kuuliza mtu. Nikapiga kidole kwenye picha: huyu samaki mzima, hii tambi, huyu kuku wa tangawizi, zile mboga za kitunguu saumu, na vile vipande vyeupe. Shangazi akauliza vile vyeupe ni nini. Nikamwambia ni jibini ya Kichina, inatengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa kwao. Lili akasema kwa adabu, "Ni soya, shangazi." Nikasema ndiyo, ng'ombe wa kwao wanakula soya. (Joni alifumba macho.)

Chakula kikaja, moshi unapanda, harufu ya tangawizi na vitunguu, hata mzee akalegea uso, akasukuma kioo kidogo kwa kidole kimoja, akaona samaki anakwenda, akasukuma tena akarudi. Akacheka! Mzee Ladislausi alicheka, mimi nimeona kwa macho yangu. Akasema, "Hii ingefaa kwenye ubatizo, watu wasigombanie." Moyo wangu ukajaa. Nikajiambia umemaliza, Mangi, mtoto umeshaleta nyumbani. Na badala ya kutulia, nikaona sasa niongeze.

Nikatoa kata. Nikachota mbege kutoka kwenye ndoo iliyokuwa chini miguuni, imechangamka, povu zuri, ulezi wake unaelea juu, kazi ya mke wangu hiyo. Nikaonja kwanza mimi mwenye pombe, kama inavyotakiwa, mgeni aone haina kitu kibaya. Baada ya hapo kata inakwenda kwa mkubwa wa watu waliopo, mkono kwa mkono, hairuki, haimpiti. Mtoto mdogo wa Kibosho analijua hilo kabla hajajua kusali. Mkubwa akishakunywa ndipo inashuka kwa wengine. Kata ikimpita mzee, ni kama umemwambia: wewe hatukuhesabu.

Nilitakiwa ninyanyuke, nizunguke meza, nimpe. Hatua chache tu. Lakini nikasema, "Mzee wangu, leo hakuna kusumbuka, leo kata inakuja yenyewe kwa gari!" Nikaiweka juu ya kioo, pembeni ya samaki, nikasukuma.

Jamani, kile kioo walikuwa wamekipaka mafuta gurudumuni asubuhi ile ile.

Kata ikampita mke wangu, ikampita shangazi, mzee akanyoosha mikono yote miwili kwa heshima kuipokea, ikapita katikati ya mikono yake kama mtu anayewahi basi, ikaenda ikasimama taratibu mbele ya Joni.

Mbele ya Joni! Mtoto! Mwombaji mwenyewe! Mzee mikono bado iko hewani.

Joni akaitazama ile kata kama ameona nyoka. Kwa woga akafanya kile ambacho yeyote angefanya, akaisukuma irudi. Akasukuma kwa nguvu za mtu anayetaka kuoa. Kata ikampita mzee kwa mara nyingine, safari hii kwa upande wa pili, ikampita shangazi, ikampita mama yake, ikarudi kwangu nilipoitoa.

Mzee akashusha mikono.

"Kaka," Shangazi Veneranda akasema polepole, "umepitwa."

"Nimeona," mzee akasema. "Kwenda na kurudi."

Mke wangu akanifinya paja chini ya meza. "Baba Joni, nyanyuka umpelekee kwa mkono."

Hapo mtu mwingine angenyanyuka. Lakini mimi sikutoka kwenye toroli nikafika kwenye maduka kwa kunyanyuka-nyanyuka, mimi kitu kikinishinda mara ya kwanza nakirudia mpaka kitii, nikamwambia, "Tulia mke wangu, nimeshaijua, ni kupima nguvu tu." Nikajaza kata tena mpaka juu (kwa nini juu? kwa nini, Mangi?), nikaiweka, nikakunja mkono wa shati, ukaingia kwenye mchuzi wa samaki, sikujali, nikasukuma safari hii kidogo, kidogo kabisa, kwa akili. Ikaenda vizuri. Ikampita mama, ikampita shangazi, ikaanza kupunguza, naiona inamfikia mzee, mzee hakunyoosha mikono tena, ameikunja, na ile kata badala ya kusimama ikawa bado inataka kuendelea, inateleza, inampita! Nikaona hapana. Sikubali. Nikapiga kiganja juu ya kioo, pa!

Kioo kikasimama.

Kata haikusimama.

Iliruka pale ilipokuwa, ikapinduka hewani, na mbege yote, povu na ulezi wake, ikamwagika kifuani kwa Mzee Ladislausi, kuanzia kola ya koti la kanisani mpaka magotini. Samaki naye aliteleza na sahani yake akaja mpaka ukingoni kwangu, kichwa kimenielekea, ananitazama.

Halafu kutoka meza ya nyuma fundi mmoja mteja wangu akaita, "Mangi, leo na meza nazo umezipiga vigae? Zinateleza!" Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alikuwa anajitazama kifua, ulezi umeganda kwenye ndevu. Na aliyesema ni dada yake, na maneno yake ndiyo yaliyoniua.

"Wanaomwagiwa pombe ni waliolala," akasema. "Tunawamwagia chini, kaburini, wanywe. Kaka yangu hajalala. Wewe baba, unamzika kaka yangu mezani kwa Wachina?"

Mama yangu! Sikuwa nimefikiria huko. Nikajaribu kusema, "Shangazi, ni ajali ya gurudumu," lakini mzee alishasimama, akachukua kofia yake, akajipangusa ndevu kwa kitambaa, kwa utaratibu mkubwa, na huo utaratibu ndio ulionitisha, mtu akigombana unamjibu, mtu akikunja kitambaa vizuri unamjibu nini?

"Veneranda, twende. Gari za Kilema bado zipo." Akamgeukia Joni, na hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho. "Kijana, sina ugomvi na wewe. Lakini neno langu mmeshalipata."

Joni hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikaa tu ameinamisha kichwa, mikono yake mapajani imefunguka, kama mtu aliyedondosha kitu kisimani. Mama yake akanitazama mara moja tu.

Nikasema haiwezekani. Mtoto wangu hakosi mke kwa sababu ya gurudumu. Kwetu kosa kubwa lina dawa moja, na dawa yenyewe ni isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, na kwenye makaburi ya wazee, unalikata, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea, na Mchagga akishaletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama umemchomea nyumba. Lakini masale yangu yako Kibosho! Mpaka nipande nikate nishuke, mzee ameshafika Kilema anavua viatu. Nikageuka huku na huku kama mtu anayetafuta choo, na ndipo nikaona, pale kaunta, kwenye chungu cheupe cha kupendeza, mmea mmoja mrefu umefungwa utepe mwekundu. Mtu wa kutoka mkoa mwingine angeona ua. Mimi niliona isale. Majani yale yale, mshipa ule ule, mtu wa mlimani hawezi kulikosea.

Sikuuliza. Nilirukia kaunta nikavuta jani, na kwa sababu nilivuta kwa nguvu zangu zile za marobota, halikutoka jani, kilikatika kilele chote na utepe wake, kwa mlio, kwak! Nikachomoa jani moja, nikalifunga fundo nikiwa mbioni, nikamkuta mzee anavuka kizingiti, nikatua magoti mbele yake pale mlangoni, mimi na umri wangu na maduka yangu, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mbe," nikasema, neno letu la kumheshimu mkubwa, "isale hili. Nimekosa. Nisamehe."

Mzee akasimama. Mila imemshika miguu, nikaona kabisa imemshika. Akalitazama jani, akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu, halafu akauliza kwa sauti yake ile ya upole, "Umelikata wapi?"

"Hapo kaunta."

"Kihamba chako hicho?"

"Hapana, mzee."

"Basi isale hili ni la huyo mama, nawe hukumwomba. Unaniomba msamaha kwa jani la wizi? Silipokei."

Na kweli nyuma yangu Mama Lin alikuwa ameshatoka jikoni, ana upawa mkononi, ameushika ule mmea uliokatwa kichwa, na sauti yake ilisikika mpaka stendi. "Wewe Mangi! Mti wangu umekukosea nini? Miaka yote naulea, naufuta vumbi jani kwa jani, huu ndio unaleta heri kwenye hoteli! Nimekwambia ukimwaga unadeki, sikukwambia ukimwaga unakata!"

Sasa nifanye nini? Nyuma Mchina, mbele Mchagga, na mimi katikati niko chini sakafuni (kigae kizuri, nilimuuzia mwenyewe). Vijana wawili wameshatoa simu wananipiga picha. Nikajiambia, Mangi, umeshapiga magoti, magoti ni yale yale, tumia. Nikageuka hapo hapo bila kunyanyuka nikamnyooshea Mama Lin lile lile jani lake.

Mama Lin akaruka nyuma akaficha mikono mgongoni!

"Usinipe!" akapiga kelele. "Nalijua hilo! Jirani yangu aliniletea siku ng'ombe wake alikula mchicha wangu. Nikilishika lazima nikusamehe, na mimi bado nina hasira! Ngoja kwanza nimalize hasira!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Shangazi Veneranda. Alijaribu kuzuia kwa kitenge, ikashindikana, akaegemea mlango, machozi yanamtoka, "Mae! Mae! Kaka, huyu mama ni wetu!" Na mimi namfuata Mama Lin kwa magoti, naye anarudi nyuma mikono mgongoni akinisema, na alinisema jamani, kwamba nakuja pale kila mara nasema mimi ni mwenyeji, mwenyeji gani anavunja nyumba, kwamba naongea mpaka wateja wengine wanahamisha sahani zao kibarazani, kwamba jibini gani ya ng'ombe wa soya, Lili alimsimulia jikoni wakacheka mpaka mumewe akaunguza vitunguu. Kila alichosema nilimsikia Mzee Ladislausi nyuma yangu akiitikia taratibu, "Mmh. Mmh." Sikujibu hata moja. Nilinyoosha jani tu. Nawaambieni ukweli, sijawahi kunyamaza muda mrefu namna ile tangu ubatizo wangu.

Hasira zikamwisha. Akashusha pumzi, akaweka upawa kaunta, akalipokea isale kwa mikono miwili kama mtu aliyezaliwa Kibosho.

"Haya. Nimekusamehe. Utaniletea mwingine mzima na mbolea." Halafu akaligeuza lile jani, akalitazama lile fundo langu baya, akanirudishia. "Sasa nimekupa mimi. Si la wizi tena. Mpe mzee wako, chakula kinapoa."

Nikageuka tena. Magoti yanauma. Sikusema neno, maana niliona neno lolote nitakaloongeza litaharibu, nikamnyooshea tu. Mzee Ladislausi akalitazama lile fundo, ulezi bado uko kwenye ndevu, mlangoni watu wamejaa na wengine wamesimama juu ya viti. Akalichukua.

"Nyanyuka," akasema. "Unazuia watu kupita."

Tukarudi ndani, tukakaa ile meza ya dirishani, ya pembe nne. Mama Lin akamletea mzee taulo la moto, akalichukua koti akalipeleka jikoni kulifuta, akapasha samaki. Kata alipeleka Joni mwenyewe, kwa mikono miwili, taratibu, akapinda goti. Mzee akanywa, akatulia, akanywa tena, akasema, "Mama Joni, mbege hii umeiweza. Aika, asante." Halafu akamgeukia mwanangu. "Sasa wewe. Baba yako nimemsikia mpaka nimechoka. Wewe bado sijakusikia. Binti yangu unamtakia nini?"

Nikafungua mdomo. Mke wangu akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, mzito kama mfuko wa saruji. Nikaufunga.

Joni akaongea. Hakuongea mengi, wala vizuri, alikwama mara nyingi, akasema Anjela anacheka akiwa peke yake anasahihisha michoro ya watoto na yeye anataka nyumba ambayo Anjela atacheka hivyo hivyo. Mambo hayo mimi nilikuwa siyajui. Nimelala nyumba moja na kijana huyu tangu azaliwe, sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu hivyo, na nilipojiuliza kwa nini, sikupenda jibu.

Mzee akala kipande cha vile vyeupe, akatafuna, akafikiri.

"Nimekubali," akasema. Joni akafunika uso. "Ila nina sharti, na shangazi yake ni shahidi. Siku ya harusi, huyu baba asipewe kipaza sauti. Asishike hata kidogo. Akishika, namchukua binti yangu ukumbini na shela lake."

"Baba wa bwana harusi asihutubie, mzee?" nikauliza. Ilinitoka tu.

"Umesikia. Au nirudishe jani?"

Nikasema nimekubali. Na mimi nikishasema nimekubali, nimekubali.

Harusi ilikuwa Kilema, kanisani na baadaye ukumbini, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Mshereheshaji hakuwa na habari ya sharti, alipofika zamu yetu akaja mbio na kipaza sauti, "Sasa tumsikie baba mzazi, mfanyabiashara wetu maarufu!" Watu wangu wakapiga vigelegele, wananijua, wakajiandaa. Mzee Ladislausi upande wa pili alishusha glasi yake tu akanitazama. Nilikuwa na maneno kifuani ya kujaza gunia la mahindi, toroli, marobota, darasa la tano, yote. Nikakisukuma kipaza sauti kwa mgongo wa mkono, kikaenda kwa mke wangu. Mama Joni akasimama, akaongea kidogo sana kwa sauti ndogo, na meza ya wazee wote wa Kilema ikatoa vitambaa mifukoni. Anjela akacheka na kulia kwa pamoja. Nilikaa nimeshika magoti yangu mpaka mwisho, nikauma meno, nikashinda.

Kata yangu sasa naipeleka kwa miguu, hata mgeni akiwa amekaa kando yangu nanyanyuka. Kwa Mama Lin bado nakula, meza ya dirishani, na Lili haniulizi tena. Kipaza sauti nilinyimwa na sitakishika, nimeapa. Kalamu hakuna aliyenikataza.